Jina la bibi lisipoandikwa, wajukuu huhangaika

Kati ya mwaka 1848 na 1850, wasichana zaidi ya 4,000 walitolewa kwenye nyumba za maskini nchini Ireland na kusafirishwa kwa meli hadi Australia. Wengi walikuwa na umri wa miaka 14 hadi 20. Baadhi walikuwa wamefiwa na wazazi wote wawili, wengine mmoja.

Ulikuwa wakati wa njaa kuu. Ugonjwa wa viazi ulioingia mwaka 1845 uliharibu chakula walichotegemea maskini, na watu wapatao milioni moja walikufa. Nyumba za maskini, zilizotoa chakula na malazi kwa masharti makali, zikafurika. Australia nayo ilikuwa na uhaba wa wanawake na watumishi wa nyumbani. Wasichana hao hawakulipa nauli, na kila mmoja alipewa sanduku lenye nguo na viatu. Walishukia Sydney, Melbourne na Adelaide, wengi wakaajiriwa majumbani.

Hawakukaa sana kabla ya kuolewa, na hapo ndipo wajukuu wa leo hupoteza njia. Mke alichukua jina la mume, la kuzaliwa likasahaulika. Wengi hawakujua kuandika, hivyo karani aliandika alichosikia. Zipo pia familia zilizoona aibu kusema bibi alitoka nyumba ya maskini, zikanyamaza.

Wanaomtafuta bibi huyo huanza na wao wenyewe. Huchukua cheti cha kuzaliwa cha mzazi, kisha cha ndoa ya babu na bibi, wakirudi nyuma kizazi kwa kizazi hadi wamfikie mwanamke aliyezaliwa Ireland. Baada ya hapo hupekua orodha za abiria. Zile za Sydney zina umri, dini, mahali pa kuzaliwa na majina ya wazazi. Mwaka 1999 ulizinduliwa mnara wa kumbukumbu Hyde Park Barracks, Sydney, walikofikia wengi wao, na majina ya baadhi yameandikwa kwenye vioo.

Faida yake si fahari ya ukoo tu. Watu wenye asili ya Ireland wako miongoni mwa wanaopata zaidi hemokromatosisi, ugonjwa wa kurithi unaoufanya mwili ujaze madini ya chuma kupita kiasi. Ukichelewa kugundulika huharibu ini na moyo. Ukijulikana mapema, mgonjwa hutolewa damu mara kwa mara na kuishi vizuri. Anayejua asili yake anajua pia cha kumweleza daktari.

Mzazi, usingoje watoto wako waje kupekua makaratasi. Chukua daftari, muulize bibi yao jina alilozaliwa nalo, wazazi wake, kijiji chake na magonjwa yanayojirudia katika ukoo. Uliza na yale yanayosemwa kwa kunong'ona. Andika, kisha mwachie kila mtoto nakala yake.