Antoine si Jean-Pierre

Wadau, juzi nilikosea na bora niungame hapa. Niliandika habari fupi ya mwigizaji wa Ufaransa, Jean-Pierre Léaud, nikaipa kichwa chenye jina la Antoine Doinel, mhusika aliyemletea umaarufu. Ilipotoka gazetini nikaona aibu. Ni sawa na kumsalimia mtu mzima kwa jina lake la utotoni mbele za watu.

Kwa wasiomfahamu: Léaud alizaliwa Paris mwaka 1944. Akiwa na miaka 14, mwongozaji François Truffaut alimchagua aigize Antoine, mtoto mtukutu asiye na nafasi nyumbani wala shuleni, katika filamu ya Les Quatre Cents Coups (1959). Mwishoni Antoine anatoroka kituo cha watoto watukutu, anakimbia mpaka baharini, anageuka kututazama, na picha inaganda hapo hapo.

Tatizo ni kwamba na sisi tuligandia hapo. Truffaut alimrudia Antoine mara nne zaidi mpaka mwaka 1979: mapenzi, ndoa, talaka. Miaka 20, sura ileile ikikua mbele ya kamera! Ndipo watu wakaanza kusema jamaa haigizi, anajionyesha tu alivyo. Wana pa kushikia, maana katika filamu ile ya kwanza, pale Antoine anapohojiwa na mwanasaikolojia, Léaud alijibu kwa maneno yake mwenyewe.

Binafsi sikubaliani nao. Mwaka 1966 alipata tuzo ya mwigizaji bora Berlin kwa filamu ya Jean-Luc Godard, Masculin féminin. Mwaka 1973 akawa Alexandre katika La Maman et la Putain ya Jean Eustache, filamu ya zaidi ya saa tatu na nusu. Humo anaongea, anaongea, mpaka unagundua kwamba anajificha nyuma ya maneno yake. Na hayo hakujitungia, kwani Eustache alitaka kila neno lifuatwe kama lilivyoandikwa. Karibu na mwisho mwanamke anamwaga ya moyoni, na yule msemaji hana la kufanya ila kusikiliza. Huko ndiko kuigiza!

Truffaut alifariki mwaka 1984. Léaud aliendelea na kazi. Mwaka 2016, katika La Mort de Louis XIV ya Albert Serra, yule mtoto wa mbio za ufukweni ni mfalme mzee kitandani, wigi kubwa kichwani, mguu unaoza. Anaibeba filamu nzima kwa macho na pumzi. Mwaka huohuo Cannes wakampa tuzo ya heshima.

Sisi waandishi tunapenda jina moja linalotosha kwenye kichwa cha habari. Ni rahisi, na msomaji anaelewa haraka. Lakini mtoto wa miaka 14 alikubali kuigiza filamu, hakukubali kuitwa Antoine mpaka uzeeni.

Anayetaka kumjua aanze na ile ya 1959. Ila tafadhali, asiishie ufukweni. Nyie mnaonaje?