Dawa ya Macho Haiombwi kwa Jirani

Kiangazi kimekaa. Makamyoni ya kwenda Kolwezi na ya kurudi Likasi yanapita usiku na mchana, vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria, na watoto wanaamka macho yameshikana. Darasani tunaona: Jumatatu ni mtoto mmoja, kufika Ijumaa ni watano. Na wengi wao wameisha kutiwa dawa nyumbani, kutoka chupa moja iliyopita nyumba tatu. Wiki hii tuongee juu ya ile chupa.

Kitu cha kwanza: dawa ya antibiotiki inaua bakteria tu. Haiui virusi, haitoi vumbi, haitulizi alerji. Kwa hiyo mbele ya kutafuta dawa, tuangalie jicho.

Jicho la bakteria linatoa usaha mzito, wa manjano au wa kijani. Asubuhi kope zimegandana. Unapanguza, kisha muda kidogo usaha umerudi. Hilo ndilo dawa inalisaidia.

Jicho la virusi linatoa machozi kama maji. Mara nyingi mtoto ana mafua. Linaanza upande mmoja, linahamia upande wa pili, halafu nyumba nzima inashikwa. Hili linapona lenyewe kwa wiki moja au mbili.

Jicho la alerji au la vumbi linawasha. Mtoto anasugua macho yote mawili bila kuacha, lakini usaha hakuna. Maji safi na kumuondoa penye moshi vinamfaa kuliko chupa.

Kutofautisha si rahisi kila mara, hata kwa muuguzi. Ndiyo sababu mtoto mwenye usaha apelekwe kituo cha afya, asitibiwe kwa kukisia. Wenzetu wa Tanzania waliona jambo hili mwanzo wa mwaka 2024, wakati ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam. Ulikuwa wa virusi, na Wizara yao ya Afya ilionya watu wasijitilie dawa ambazo daktari hakuandika.

Kitu cha pili: tusome sanduku. Wamama wanaojua Kifaransa wasomee wenzao. *Collyre* ni dawa ya matone ya macho. *Pommade ophtalmique* ni pomada ya macho. *Gouttes auriculaires* ni ya masikio, isiingie jichoni hata siku moja. Pomada ya tetracycline iko ya namna mbili: ya macho ni 1%, ya ngozi mara nyingi ni 3%. Jina ni moja, lakini ya ngozi si ya jicho.

Halafu tafuteni majina haya: dexaméthasone, prednisolone, bétaméthasone, hydrocortisone. Pengine yamechanganywa na antibiotiki ndani ya chupa moja. Dawa hizi zinaondoa wekundu haraka, na ndiyo sababu watu wanazisifu na kuazimana. Lakini zinafanya hivyo kwa kulaza nguvu ya mwili ya kupigana na ugonjwa. Kama jicho lina virusi vya herpes, au kidonda juu ya kioo chake, ugonjwa unaendelea kula ndani huku jicho linaonekana zuri. Na mtu akizitumia kwa wiki nyingi, presha ya ndani ya jicho inaweza kupanda, na jicho linaharibika bila kuuma. Dawa yenye moja ya majina hayo inatiwa tu kama dokta aliyeangalia jicho ameiandika.

Kitu cha tatu: namna ya kutia. Nawa mikono kwa sabuni. Panguza usaha kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, kuanzia upande wa pua kwenda nje. Kila jicho na kitambaa chake. Vuta kope ya chini kidogo, tia tone moja katika ule mfuko mdogo. Moja linatosha, jicho halina nafasi ya matone matatu. Mengine yanatiririka shavuni, na ni franga zinatiririka. Mtoto afunge macho dakika moja. Kama kuna dawa mbili, ngoja dakika 5 katikati. Mdomo wa chupa usiguse jicho wala kope, kwa maana ukigusa, bakteria wanaingia ndani ya chupa, na toka siku ile unawatia pamoja na dawa.

Kwa hiyo mgonjwa mmoja, chupa moja. Andika juu yake tarehe ya kuifungua. Kisha wiki 4 itupwe, hata kama imebaki nusu. Matone mengi ya chloramphénicol yanataka frigo. Kwa nyumba isiyo na umeme wa hakika, uliza kama pomada ya tetracycline 1% inafaa: haihitaji frigo, haioshwi upesi na machozi, na Shirika la Afya Ulimwenguni limeiweka katika orodha ya dawa za lazima. Inafanya macho yaone ukungu kwa muda mdogo, mtoto asiogope.

Fuata siku zote ulizoandikiwa, hata kama jicho limeng'aa siku ya pili. Lakini kama kope zinavimba na kuwasha zaidi kila mara unapotia, acha, rudi kwa muuguzi. Mwili wa mtoto pengine unaikataa.

Sasa, kuna macho yasiyongoja chupa wala kesho.

La kwanza ni la mtoto mchanga. Mtoto wa chini ya mwezi mmoja akitoa usaha na kope zikivimba, apelekwe siku ileile. Pengine ni kisonono alichopata wakati wa kuzaliwa, na kinaweza kupofusha kwa siku chache. Matone peke yake hayatoshi. Anahitaji sindano, na wazazi wote wawili watibiwe. Ndiyo maana mkunga anatia dawa machoni mwa mtoto anapozaliwa. Desturi hiyo ilianzishwa na daktari Credé, huko Leipzig, Ujerumani, karibu mwaka 1880. Katika nyumba yake ya uzazi, karibu mtoto 1 kwa 10 alikuwa anapata ugonjwa huo. Alipoanza kutia tone la dawa, wakashuka chini ya 1 kwa 100. Mama akiona mkunga amesahau, aulize bila haya.

La pili ni jicho linalouma sana, linalokimbia mwanga, lisiloona vizuri, au lenye doa jeupe juu ya cheusi. La tatu ni la mtoto mwenye surua: anahitaji vitamini A pamoja na dawa ya jicho. La nne ni lile lililotiwa dawa siku 2 au 3 na halibadiliki.

Na tuache kutia maziwa ya ziwa, mkojo au maji ya majani. Tunajua bibi zetu walifanya kwa upendo. Lakini mkojo unaweza kubeba kile kisonono tulichosema, na majani yanaweza kuchoma kioo cha jicho. Kioo kikipata kovu, hakuna tone la kukisafisha.

Siku ya likelemba inayokuja, kila mama alete chupa na pomada za macho zilizo nyumbani. Tutazisoma pamoja: jina, tarehe, ya nani. Zile zisizojibu maswali hayo matatu tuzipeleke kituo cha afya zikaharibiwe, zisibaki mahali watoto wanachezea.