Maabara Ihesabiwe kwa Vipimo
Tumezoea kuhesabu maabara kwa majengo. Yafaa tuzihesabu kwa vipimo vinavyofanyika. Mwanafunzi wa Kileo, chini ya Milima ya Upare, aweza kupima induktansi ya koili kwa transfoma ya volti 12, rezista ya kurekebishwa na mita ya fundi redio. Huunganisha koili na rezista kwa mfuatano, huirekebisha rezista hadi volti za vyote viwili zilingane, kisha hugawanya omu za rezista kwa 314, yaani mara mbili ya pai mara hezi 50 za umeme wetu. Apatacho ni henri, almuradi ukinzani wa waya wa koili ni mdogo. Anayenyimwa jaribio hilo kwa kisingizio cha bajeti hufundishwa kukariri kanuni, si kuihoji. Taifa la wakariri litaagiza wataalamu kutoka nje daima.