Mtihani wa Tabia Kwa Intavyu: Unakupima Wewe, Ama Unapima Heshima Yako?

Buda, piga hii picha. Uko Sio Port, omena imeanikwa pale ufuoni, na simu yako yenye kioo kimepasuka inatafuta jobo. Beshte anakutumia linki: kuna kampuni Busia inataka karani wa mambo ya forodha. Unajaza jina, gredi ya KCSE, namba ya kitambulisho. Halafu ghafla unakutana na sentensi hamsini. "Mimi ni mchapa kazi." "Napenda kukutana na watu wapya." "Mimi hukasirika haraka." Chagua: nakubali kabisa, nakubali, sijui, nakataa, nakataa kabisa.

Utafanya nini? Zile nzuri zote utakubali, si ndio? Na yule mnashindania naye hiyo kazi pia anafanya vivyo hivyo.

Hizo sentensi zinaweza kuamua kama utaitwa ama CV yako italala. So ni poa ujue zinapima nini.

Tuanze na ule mtihani wa herufi nne, ule unakuambia wewe ni INTJ ama ENFP. Ulitengenezwa Marekani na mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, wakifuata mawazo ya Carl Jung. Hakuna kati yao aliyesomea saikolojia rasmi. Na wenyewe wanaouza huo mtihani wanasema usitumike kuchagua nani aandikwe kazi. Mdosi akikunyima kazi juu ya herufi nne, jua yeye ndiye amefeli.

Wanasaikolojia wengi leo wanapima tabia tano: kupenda mambo mapya, bidii na mpangilio, uchangamfu, upole kwa wengine, na wasiwasi. Hii angalau iko na msingi. Bidii na mpangilio huendana na kazi nzuri karibu kila mahali, iwe ni ofisi ama ghala. Lakini haielezi kila kitu. Ni kama chumvi: inasaidia mboga, ila si mboga.

Sasa cheki hii. Watafiti Rachid Laajaj na Karen Macours walipeleka maswali ya aina hii kwa wakulima 960 hapa magharibi mwa Kenya, kisha wakawarudia na maswali yaleyale. Upande wa tabia, majibu yaliyumba vibaya. Shida moja kubwa: watu hukubali tu. Ukiuliza "wewe ni mpangilifu?" wanasema ndio. Ukigeuza, "wewe huacha kazi katikati?" kuna wanaosema ndio tena. Mwaka wa 2019 wao na wenzao walichapisha utafiti mkubwa zaidi, watu 94,751 kwenye nchi 23 za kipato cha chini na cha kati. Stori ikawa ileile: maswali yakiulizwa ana kwa ana, mara nyingi hayakupima tabia zilizokusudiwa.

Mimi sishangai. Mgeni amekuja bomani, amepewa kiti, anauliza kwa adabu. Utamkatalia aje? Na Busia si wageni wa maswali. Hapa ndipo Michael Kremer, aliyeshinda Nobel ya uchumi 2019, alifanya na wenzake utafiti wa dawa za minyoo kwenye shule 75, kuanzia 1998. Watu wetu wanajua kumjibu mtu mwenye karatasi.

Lakini usikimbilie kusema basi turudi kwa njia ya zamani. Ile ya "wewe ni mtoto wa nani?" pia ni mtihani wa tabia. Utingo wa lori pale Malaba ama kijana wa kubeba mizigo mpakani mara nyingi anaingia juu kuna mtu amesema "huyu namjua." Iko na faida: aliyekuleta anaweka jina lake rehani. Ila kama huna mtu, umeisha. Dada aliyetoka mbali na hana mjomba ofisini anabaki nje hata kama ni moto.

So mdosi afanye nini? Paul Sackett na wenzake walipitia upya ushahidi wa miaka mingi, wakachapisha 2022. Kilichokuwa juu kabisa ni intavyu yenye mpangilio: kila mtu anaulizwa maswali yaleyale ya kazi, na majibu yanapewa alama kwa kipimo kimoja. Ongeza kazi ndogo ya majaribio. Unataka karani? Mpe makaratasi ya mzigo yenye makosa matatu, uone atanasa mangapi. Hiyo haihitaji mjomba.

Kwa uongozi mambo ni hayohayo. Kwa steji ya boda, mwenye mdomo ndiye huwa mwenyekiti. Utafiti pia unaonyesha wachangamfu ndio huonekana viongozi haraka. Lakini mwaka wa 2011 Adam Grant na wenzake waliangalia maduka ya pizza Marekani: pale wafanyakazi walikuwa wanajituma na kuleta maoni, bosi mkimya ndiye duka lake lilifanya vizuri zaidi, juu alisikiza. Kumbuka hiyo mkichagua mtu wa kushika pesa za sacco.

Na wewe unayetafuta? Ukipata ile fomu, jibu ukweli, ila usiiamini kuliko maisha yako. Nenda intavyu na stori tatu za kitu ulifanya: shida ilikuwa nini, ulifanya nini, ikaisha aje. "Niliuza omena ya mathe miezi sita na hesabu haikupotea" inashinda "mimi ni mwaminifu."

Mwisho, tabia si muhuri wa pasipoti. Huko Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waliingia kwenye jaribio lililochapishwa 2017. Waliofundishwa kujituma, yaani kuanza jambo bila kungoja kusukumwa na kupanga mbele, faida yao ilipanda kwa asilimia 30. Waliofundishwa biashara kwa njia ya kawaida, asilimia 11 tu, na hata hiyo haikuwa ya uhakika.

Kwa hivyo fomu ikikuambia wewe si mtu wa kuongoza, isome, uifunge, halafu ujifunze.