Tulichotarajia na Tulichoandikiana



Mfanyakazi wa kiwanda au wa shamba kubwa hupokea mshahara mmoja, lakini mshahara huo huhesabiwa na watu wengi. Mwajiri ameuhesabu katika vitabu vyake. Mfanyakazi mwenyewe ameuhesabu kichwani kabla haujafika mkononi. Mke ameuhesabu kwa unga, sabuni na karo ya watoto. Mzee aliyebaki nyumbani Arua, Kabale au Tororo ameuhesabu kwa mabati ya nyumba yake. Hesabu hizi zote hazijapata kukutanishwa hata siku moja. Zinakutana mwisho wa mwezi, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Wengi wetu hudhani kwamba ugomvi huo watokana na umaskini peke yake. Umaskini upo, wala hatuufichi. Lakini mtazame jirani zako kambini. Kuna nyumba mbili zenye mshahara ule ule. Moja yakaa kwa amani, na nyingine kila mwezi hupigiana kelele. Mara nyingi tofauti ni hii: katika nyumba ya kwanza kila mtu amesema anachotarajia na wote wamekihesabu pamoja. Katika nyumba ya pili kila mtu ameweka matarajio yake moyoni, kama deni ambalo mdaiwa hajaambiwa.

Matarajio hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira yalipokua katika miaka ya 1920 na 1930, watu walitoka West Nile, Kigezi, Rwanda na Burundi kutafuta fedha za kodi na nguo, kisha wakarudi makwao. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, Jinja ikawa mji wa viwanda. Nguo zilifumwa pale, na shaba ya Kilembe iliyeyushwa pale. Kijana aliyerudi kutoka kazini akiwa na baiskeli na shati jipya alionekana na kijiji kizima. Tangu hapo wazazi wakaamini kwamba mwenye kazi ya mshahara ni tajiri.

Mambo yakabadilika. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa nchini, na viwanda vingi vikaangukia mikononi mwa watu wasiojua kuviendesha. Vipuri vikakosekana, bei zikapanda, mshahara ukaliwa kabla ya kufika nyumbani. Mwaka 1984 serikali iliweka kima cha chini cha shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 1987 zikaja noti mpya, na kila shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja. Kwa hesabu hiyo 6,000 zile zikawa 60! Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya wa kima cha chini, lakini Rais hakuutia sahihi. Mshahara ulianguka, lakini ile picha ya kijana mwenye baiskeli haikuanguka. Baba bado amtazama mwanawe kwa macho ya zamani, na mwana aona haya kumwambia ukweli.

Haya hiyo ndiyo inayotuharibia ndugu. Mtu ameambiwa kuna msiba au harusi, hana kitu, basi ajibu, "Nitakuja na mchango wakati wa Krismasi." Krismasi ikifika hana nauli, naye haendi. Mwaka wa pili aogopa zaidi, kwa kuwa sasa adaiwa miaka miwili. Mwishowe huko nyumbani husemwa kwamba mji umemla. Mji haukumla. Hakusema tu kwamba apokea kiasi gani na kwamba kinachobaki baada ya makato ni kiasi gani.

Mama wa kiwandani na mchuma chai hubeba mzigo wa pili. Mume wake atarajia kwamba mshahara wa mke ni wa chakula cha wote, na mshahara wa mume ni wa mume. Atarajia tena kwamba mke huyo, aliyekuwa na kikapu mgongoni toka asubuhi, apike peke yake jioni. Hakuna siku walipokaa wakakubaliana hivyo. Jambo ambalo mmoja hakulikubali haliwezi kuitwa desturi ya nyumba. Hilo ni kuonea tu.

Tuje kazini. Huko nako mambo mengi husemwa kwa mdomo. Mnyapara humwambia kibarua, "Jitahidi, utaandikwa." Kibarua hujitahidi mwaka, miaka miwili, akingoja. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zilieleza kwamba kibarua aliyefanya kazi miezi 4 mfululizo astahili mkataba wa maandishi, naye si kibarua tena. Wangapi kati yetu waliambiwa hivyo na mnyapara? Mtu asiyejua haki yake huigeuza kuwa tumaini, na akifukuzwa hana karatasi ya kumwonyesha mwamuzi wa kazi.

Hata jambo jema laweza kuleta machungu likisikiwa nusu. Mfanyakazi huweka asilimia 5 ya mshahara katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na mwajiri huongeza asilimia 10. Sheria ya mwaka 2022 iliruhusu mwanachama aliyetimiza miaka 45, na aliyeweka akiba kwa miaka 10, kuchukua sehemu isiyozidi asilimia 20 kabla ya kustaafu. Mwenye watoto wakubwa akisema nyumbani tu kwamba "fedha za mfuko zitatoka", kila mtoto ataota pikipiki yake. Akisema ni sehemu ya ishirini kwa mia, na kwamba iliyobaki ni ya uzee wake na mama yao, hakuna atakayemwita mchoyo siku ya siku.

Wako wanaotushauri tusitarajie kitu, ndipo tusivunjike moyo. Hapana! Shauri hilo lamfaa mwajiri tu. Likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, iliyoandikwa katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, hapo kale ilikuwa matarajio ya akina mama. Ilipata nguvu ilipotamkwa, ikadaiwa, ikaandikwa. Hatusemi watu wapunguze matarajio. Twasema wayatoe moyoni na kuyaweka mezani.

Wengine watasema ni aibu kuhesabiana na ndugu kama wafanya biashara. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna anayekutaka umwandikie mama yako mkataba. Mwonyeshe karatasi ya mshahara, umsomee makato, kisha mkubaliane atapata nini na lini, hata kama ni kidogo. Kidogo kilichoahidiwa na kikaja hujenga. Kikubwa kinachongojwa bure hubomoa.

Basi, ndugu, tufanye hivi. Siku ya mshahara, mume na mke wahesabu pamoja, mishahara yote miwili. Ahadi ya mkubwa wa kazi iombwe kwa maandishi, mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi. Na chama chetu nacho kisijitoe katika hesabu hii. Kiongozi anayeomba kura kwa kuahidi nyongeza ambayo hajaijadili na mtu awapanda wanachama mbegu ya kukata tamaa, na wanachama waliokata tamaa huacha kulipa ada. Kila tawi lisomewe mkutanoni: tuliomba nini, mwajiri alijibu nini, tulitia sahihi nini.

Ahadi ni deni. Deni ambalo kila mtu alijua huweza kulipwa. Lile lililofichwa moyoni hulipwa kwa ugomvi, nyumbani na kazini.

Umoja ni nguvu.