MAONI: Mtoto akizidiwa, wazazi waitwe

Katika hospitali moja nilikowahi kufanya kazi ya ukunga, mtoto njiti alifariki alfajiri. Mama yake alikuwa amelala wodi ya pili, baba yuko langoni. Sisi wahudumu tulijua tangu jioni kwamba hatapona, lakini hakuna aliyewaambia. Baba aliuliza swali moja tu: «Mbona hamkutuita?» Sikuwa na jibu.

Tusikate tamaa mapema. Mtoto kuzaliwa mdogo si hukumu ya kifo. Utafiti wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliotolewa mwaka 2021, ulihusu watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilipungua kwa robo kuliko wale waliosubiri kwanza hali itulie.

Hata hivyo, wapo watoto ambao ubongo wao umekosa hewa muda mrefu mno, au wamezaliwa na kasoro isiyotibika. Ikifika hapo, mashine na sindano haziponyi tena, zinarefusha mateso tu. Kusimamisha matibabu yasiyosaidia si kumwua mtoto wala kumtupa. Huduma inaendelea: dawa ya maumivu, joto, kulowanishwa midomo, kifua cha mama.

Wengi wetu kambini tunahofia kwamba mtoto wa mkimbizi huachwa kwa sababu ya gharama. Hofu hiyo haiondoki kwa wahudumu kunyamaza. Kwa hiyo, wazazi, ulizeni bila woga: Je, kuna matibabu yaliyobaki? Rufaa itamsaidia? Anaumia? Ni haki yenu kujibiwa.

Kwa maoni yangu, uamuzi huo daktari asiufanye peke yake, wala wazazi wasitupiwe mzigo huo peke yao. Daktari aseme ukweli kwa maneno mepesi, na mkalimani atafutwe hata kama ni usiku. Wazazi wapewe nafasi ya kumwita bibi, mchungaji au shehe, na kumpa mtoto jina.

Mtoto aliyeishi siku mbili naye ni mtoto wa watu. Asifie nyuma ya mlango, na wazazi wake wako hatua chache tu kutoka hapo.

Mkunga