Marehemu Buyoya Katika Mizani ya Askari

Hapa Mutanga Nord, jina la marehemu Pierre Buyoya halitajwi barazani bila wazee kugawanyika. Wengine humwita mjenzi wa umoja, wengine humwita mnyang'anyi wa madaraka. Sisi tuvaao sare hatuna budi kumpima kwa mizani yetu wenyewe, kwa kuwa alitoka katika safu zetu.

Mzaliwa huyu wa Rutovu alitwaa madaraka kwa silaha tarehe 3 Septemba 1987, akiwa na cheo cha meja, wakati Kanali Bagaza yuko safarini Kanada. Agosti 1988 maelfu ya raia waliuawa Ntega na Marangara, wengi wao kwa mikono ya askari. Baada ya msiba huo, Buyoya aliishika njia ya wastani. Oktoba 1988 alimteua Adrien Sibomana, Mhutu, kuwa waziri mkuu, na viti vya mawaziri vikagawanywa sawa baina ya Wahutu na Watutsi. Hati ya Umoja ilipigiwa kura Februari 1991. Katiba ya vyama vingi ikafuata Machi 1992.

Tarehe 1 Juni 1993 alishindwa uchaguzini na Melchior Ndadaye. Alikubali matokeo, na tarehe 10 Julai mwenzake akaapishwa. Tendo hilo lilikuwa la heshima, na haki yataka lisemwe. Lakini tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo Rais Ndadaye aliuawa na askari waliopaswa kumlinda, na vita vilivyofuata viliangamiza watu wanaokadiriwa kufikia 300,000.

Buyoya alirudi madarakani kwa silaha tarehe 25 Julai 1996. Chini ya utawala wake mamia ya maelfu ya raia waliondolewa vilimani na kukusanywa makambini katika hali ya dhiki kubwa. Hata hivyo ni yeye aliyetia saini Mapatano ya Arusha tarehe 28 Agosti 2000, na tarehe 30 Aprili 2003 akamkabidhi Domitien Ndayizeye uongozi kama ilivyoahidiwa. Oktoba 2020 mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha, pasipo yeye kuwapo, kwa mauaji ya Ndadaye. Alikana shtaka hilo, na tarehe 17 Desemba 2020 akafariki Paris.

Basi alinyakua mara mbili, akakabidhi mara mbili. Watetezi wake husema kwamba asingenyakua, asingepata nafasi ya kupatanisha. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitutoshelezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mapinduzi ya 1966, 1976 na 1987 yalikwisha kuwafundisha askari kwamba kambi yaweza kuirekebisha Ikulu. Buyoya alikuwa mmoja wa waliofundisha somo hilo; alipotaka kulifuta kwa kuiheshimu kura, wanafunzi walikuwa wamekwisha kulihifadhi. Wastani wa kiongozi ulisimama juu ya jeshi lisilojua wastani, nao ukaporomoka kwa usiku mmoja.

Hatumhukumu marehemu mara ya pili, wala hatumtakasi. Twasema tu kwamba urithi wake ulio bora haukutoka katika bunduki aliyoishika, bali katika saini aliyoitia. Arusha iliamuliwa kwamba kabila moja lisizidi nusu ya majeshi ya ulinzi na usalama. Kwa sababu hiyo Mhutu na Mtutsi hulinda zamu moja na kula sahani moja, jambo ambalo baba zetu wangeliona kuwa ndoto.

Ndugu askari na polisi, kiongozi mpole ni neema, lakini hufa kama wengine. Kinachobaki ni kiapo chetu. Raia wa Mutanga Nord atalala salama ikiwa sisi, tukiwa na silaha mkononi na hasira moyoni, tutaendelea kutii sheria.